Tiki Sitini

Daktari wa akili aliniambia nina tatizo la umakini, lile linalosemwa ni la watoto watundu. Nikamwambia nina miaka arobaini na minne. Akasema tatizo halijali umri. Hiyo ilikuwa mwaka jana. Ugonjwa wa viungo nilikuwa nao tayari kwa miaka sita, kwa hiyo sasa nina mwili unaotaka dawa kwa saa, na akili isiyojua ni saa ngapi. Hao wawili hawajawahi kukaa kikao.

Nashona mapazia. Naweza kukata kitambaa cha mita kumi na mbili nisikosee hata upana wa ukucha, wateja wakanisifu, halafu nikajikuta nimesimama jikoni na futi ya kupimia shingoni, sijui nimefuata nini. Chai yangu ya asubuhi huikuta mchana, juu ya friji au ndani ya kabati la vitambaa, imepoa, haijaguswa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu haziingii kitana.

Vidonge vya viungo ni viwili kwa siku, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nisipovimeza, vidole huvimba hadi nashindwa kushika mkasi, na fundi asiyeshika mkasi ni mtu tu aliyekaa karibu na cherehani. Kliniki iliyopita daktari wa viungo aliniuliza kama navimeza bila kukosa. Nikasema aghalabu. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amenisindikiza, akacheka kwa pua.

Dada alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na saba. Amestaafu, ila ualimu wenyewe haujapata barua. Kesho yake aliniletea jedwali alilolipiga rula kwa wino wa bluu: siku thelathini, safu mbili, vyumba sitini. Akalibandika ukutani juu ya cherehani. Ukimeza, unatia tiki. Akasema hata mtoto wa chekechea anaweza. Sikuona haja ya kumkumbusha kwamba mtoto wa chekechea ana mtu wa kummezesha.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda. Siku ya tisa nikameza, nikasahau kutia tiki. Jioni nikakuta chumba cha asubuhi kitupu, nikasimama mbele yake muda mrefu kama mtu aliyebisha hodi. Nimemeza au sijameza? Ulimi haukumbuki, tumbo halisemi. Siku ya kumi ikawa vilevile. Hapo nikakaa chini, nikafikiri kama mtu mzima. Nikaona kwamba kumeza hakunipi shida, kinachonishinda ni tiki. Basi dawa yake ni rahisi: tiki itangulie, kidonge kifuate.

Nilijipongeza sana. Nikavitia tiki na vile vya nyuma nilivyovisahau, na tangu siku hiyo hakikubaki chumba kitupu hata kimoja. Nilikuwa nikiingia chumba cha kushonea natia tiki hata kabla ya kufungua dirisha, kisha naenda jikoni kufuata maji, na huko jikoni kuna mambo. Kuna bomba linalovuja, kuna vyombo, kuna simu ya mteja anayetaka pazia lake lipunguzwe. Nikirudi, naangalia ukuta. Tiki ipo. Naketi kushona kwa amani. Sijawahi kuishi mwezi wenye amani kama ule, na mikono iliniuma mwezi mzima.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata chupa ya vidonge ilitakiwa iwe tupu. Niliitikisa, ikaitika. Nikavimwaga juu ya meza ya kukatia, nikavihesabu mara tatu kwa sababu mhesabuji mwenyewe namjua. Ishirini na vitatu. Nikavirudisha kwenye chupa, nikaitia mkobani. Dada alikuwa keshafika, amebandua jedwali ukutani na kulitia kwenye faili la plastiki, amelikumbatia kama cheti cha mtoto wake.

Njiani nilikusudia kumwambia. Mara ya kwanza nilipofungua mdomo, alikuwa ananisimulia kwamba amempigia mama simu, amemwambia, "Yule mtoto wako amekuwa mtu." Mara ya pili alinishika mkono, naye si mtu wa kushikana mikono. Nikaufunga mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile yetu ilikuwa na foleni.

Daktari wa viungo alilitazama jedwali, akavua miwani, akaivaa tena. Akamwita nesi aje aone. Nesi akaomba kutoa kopi abandike ukumbini, wagonjwa wengine waige. Dada akamruhusu, akamwelekeza na jinsi ya kuishika karatasi isikunjike. Mimi sijawahi kubandikwa ukutani kwa jambo jema. Niseme ukweli, nilisikia raha, na nilitamani siku ile iishie pale.

Kisha daktari akafungua majibu ya damu. Yalikuwa mabaya kuliko ya mwezi uliopita. Akasema kwa mtu anayemeza dawa kwa nidhamu hii, maana yake ni moja, vidonge vimeshindwa, tuhamie kwenye sindano. Alieleza bila haraka. Sindano ile ni kali kwa ini, itabidi damu ipimwe kila mwezi. Kinga ya mwili itashuka, kwa hiyo hata homa ndogo nisiilalie, nikimbie hospitali. Wengi huzoea, akasema. Akachukua kalamu.

Watu hufikiri mtu wa aina yangu hawezi kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Niliitazama ile kalamu. Iliandika jina langu, ikaandika tarehe, ikashuka mstari wa pili. Niliogopa sindano, na niliogopa zaidi uso wa dada yangu. Nikafungua mkoba, nikaiweka chupa mezani.

"Vidonge havijashindwa," nikasema. "Humo mna ishirini na vitatu."

Nesi akarudi na kopi zikiwa bado na joto la mashine, akasimama nazo. Nikaeleza habari ya tiki kutangulia. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na kadiri nilivyopanga ndivyo nilivyozidi kusikika mjinga. Sikugeuka upande wa dada.

Daktari hakunikemea. Aliuliza tu, tangu nikumbuke kidonge hadi nikimeze, nafanya mambo mangapi. Nikahesabu: kuinuka, kwenda jikoni, kutafuta glasi, kuiosha, kurudi, kutafuta chupa, kuifungua kwa vidole hivi. Akasema hizo ni nafasi saba za kupotea, angepotea hata yeye. Akaagiza vidonge vikae mezani ninaposhonea, ndani ya kiboksi chenye vyumba vya asubuhi na jioni kwa kila siku, na maji pembeni. Chumba kikiwa na kidonge, sijameza. Kikiwa kitupu, nimemeza. Hakuna cha kuandika. Kiboksi akijaze dada, mara moja kwa wiki. Sindano tutaizungumza mwezi ujao, tukishajua dawa inafanya nini ndani ya mtu anayeimeza. Akaipiga ile karatasi ya sindano mistari miwili.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, tukiwa na namba yetu. Nilisubiri hotuba. Dada yangu hajawahi kukosa la kusema, nami najua, maana alinifundisha darasa la nne. Watu watatu waliitwa, wakahudumiwa, wakaondoka.

"Ulikuwa ukisahau daftari nyumbani," akasema.

"Ndiyo."

"Nilidhani unafanya makusudi. Kwamba unanidharau mbele ya wanafunzi kwa sababu mimi ni dada yako."

"Sikuwa nakudharau."

"Nilikuchapa mara ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nani duniani angenibishia?

"Kumi na nne," nikasema.

Akatazama vidole vyangu vilivyovimba juu ya mkoba.

"Mikononi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Mikononi."

Namba yetu ikaitwa. Ikaitwa tena. Dada yangu, ambaye hajawahi kusahau kitu maishani mwake, alikuwa ameishika mkononi na hakusikia.