Mlango wa Uani

Kila tulipowasha injini, kanga za jirani zilipeperuka kutoka kwenye kamba, na mshale wa joto la oili ukapanda hadi kwenye rangi nyekundu. Jirani tulimwomba radhi. Mshale haukutaka radhi ya mtu.

Ndege ilikaa uani kwetu Ilala, mabawa yakiwa bado hayajafungwa, mkia umeelekea chooni. Tuliiunda wenyewe, mimi na mume wangu Abdulhamid. Mimi fundi, yeye rubani. Jumamosi alitaka kuirusha kwa mara ya kwanza.

"Nitaruka kidogo tu, Badria," alisema. "Kabla oili haijachemka nitakuwa nimeshatua."

"Na isipokusubiri?"

Alicheka. Mimi sikucheka, maana oili ikizidi moto huwa nyepesi kama maji, na injini hujitafuna yenyewe huko huko angani.

Nilikwenda Kariakoo, nikarudi na rejeta kubwa zaidi ya kupoza oili. Mshale ukafika kwenye nyekundu. Nikatanua tundu la mbele la ndege ili upepo wa kuipoza injini uingie kwa wingi. Nyekundu tena. Hapo hasira zikaniisha, nikabaki na swali tu: upepo wote ule unakwenda wapi?

Adhuhuri nilijinyoosha mkekani ukumbini, mlango wa mbele ukiwa wazi. Nje upepo ulivuma, lakini pazia lilining'inia tu. Mama mkwe wangu, Bi Maimuna, akafungua mlango wa uani akaanue nguo. Pazia likaruka, likanipiga usoni.

"Mama, hebu funga tena."

"Una homa?"

"Funga, tafadhali."

Akafunga, pazia likalala. Akafungua, likaruka. Nikamwomba arudie mpaka akanuna.

"Mchezo gani huu, mwanangu? Nguo zangu zinakauka mpaka zinapauka."

Nikabandika vipande vya uzi kwenye tundu la mbele la ndege, Abdulhamid akawasha, nami nikachungulia kutoka pembeni, mbali na pangaboi. Nyuzi hazikuvutwa ndani. Zilitazama nje. Upepo ulifika mlangoni ukageuka, kwa kuwa nyuma nilikuwa nimeuachia upenyo mwembamba wa kutokea. Nilijicheka, kisha nikachukua mkasi wa bati, nikapanua upenyo ule na kuukunja ukingo wake kwa nje.

Safari hii nilikaa mimi kwenye kiti cha rubani. Injini ikanguruma kwa muda mrefu. Mshale ukapanda, ukafika kwenye kijani, ukatulia. Nikausubiri uzidi kupanda. Ukweli ni kwamba nilitamani uzidi. Siku zote zile ulikuwa ukinisaidia kumweka mume wangu chini, na sasa nilikuwa nimeutuliza kwa mikono yangu mwenyewe.

Abdulhamid alisimama karibu na jiko, mahali ambapo hakuweza kuiona geji. Aliinua kidole gumba kuniuliza. Ningeweza kutikisa kichwa, naye angeniamini.

Nikazima injini.

"Kijani," nilisema.

"Haukupita hapo kabisa?"

"Haukupita."

Hakushangilia. Aliinua macho kwenye kipande cha anga kilichobaki kati ya maghorofa, akakitazama kwa muda, akijifuta viganja kwenye suruali.

"Badria," akaniita polepole. "Hebu washa tena."