Mkato au Mshono

Karatasi ya mjukuu wangu, uhakiki wake wa filamu, ilirudi na duara moja jekundu, kubwa kama kifungo cha koti. Ndani yake lilikaa neno moja: mshono. Pembeni, mhariri wa ukurasa wa filamu gazetini alikuwa ameandika: "Picha moja inapoishia na nyingine kuanza, ni mkato. Jifunze lugha ya fani. Rekebisha kufikia Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi ni ya mwingine."

"Bibi, nimeharibu," alisema, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani yangu.

Miaka miwili alikuwa akibisha hodi kwa wahakiki wa filamu. Wanajuana wenyewe kwa wenyewe. Mgeni akiingia, humtazama viatu kabla ya uso. Mimi niliishia darasa la tatu, nikatoka na woga wa wino mwekundu. Nikamwambia lililonijia: "Mkono usioweza kuukata, ubusu. Andika mkato, yaishe."

"Lakini mimi niliona mshono."

"Filamu ni kitambaa?"

Swali langu mwenyewe likanigeukia, likanisumbua kama uzi uliosahauliwa kwenye kola. Kesho yake nikamwambia anipeleke nikaione.

Mhariri alikuwapo ukumbini, mzee mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akingoja kuongoza mazungumzo baada ya filamu. Taa zikazimwa. Kwenye pazia la filamu, mama mmoja, ambaye mwanawe amehamia mbali, alikuwa akikunja shuka peke yake. Akashika ncha mbili, akazileta pamoja taratibu. Na zilipogusana tu, mikono ile ikawa ya mwanawe, akikunja shati katika chumba cha kupanga. Nikasogea ukingoni mwa kiti. Miaka arobaini nimeunga vitambaa. Hapo hapakukatwa kitu. Watu wawili waliotengana walikuwa wameungwa kwa ndani, upande ambao mvaaji haoni.

"Ndio huo?" nikanong'ona.

"Ndio huo."

"Mbona hukunieleza?"

"Nilieleza. Ukaniambia nibusu mkono."

Filamu ilipokwisha, watu walisema maneno marefu ya kuhitaji ngazi. Nikanyoosha mkono.

"Karibu, mama," mhariri alisema.

"Ahsante, baba. Mimi ni fundi cherehani. Pale shuka ilipogeuka shati, mnapaitaje?"

"Mkato," alijibu, kwa upole wa mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa kutokea.

"Na huyo aliyekata, alitaka watengane?"

Kicheko kikapita safu za nyuma. "Leo tumeletewa hata mafundi," mtu akasema. Mhariri hakucheka. Alivaa miwani yake na kugeuka kulitazama pazia jeupe, ambalo halikuwa na kitu. Kisha akamwita muulizaji mwingine.

"Nimekuharibia?" nilimuuliza mjukuu wangu njiani.

"Sijui, Bibi."

Ijumaa, saa tano na nusu, alikaa na kompyuta yake kwenye meza yangu ya kukatia nguo.

"Ile methali ya kubusu mkono, hebu irudie."

"Ile nimeimeza."

Akauacha mshono mahali pake, akaongeza sentensi moja tu, ya shuka na shati, akatuma. Saa sita ikapita. Saa saba nilikuwa napinda suruali ya mteja. Nikashtuka nimeshona mguu mmoja ukaziba kabisa. Nilikuwa naufumua, simu yake ilipolia. Akausoma ujumbe wa mhariri, kisha akanisomea kwa sauti:

"'Mshono huo ni wa mkono, au wa mashine?'"

"Halafu?"

"Halafu basi. Hakuna jingine." Akanitazama. "Ananicheka, au anauliza?"

Nikaikumbuka ile miwani, na lile pazia tupu alilolitazama. Nikaikumbuka pia shuka, ncha kwa ncha, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata mimi jibu la swali la mhariri sinalo.

"Vaa viatu," nikamwambia, nikiifunika cherehani. "Twende tukautazame tena."