Korongo Mwenye Mkufu

Sarafu yangu bora kuliko zote ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mgahawa, na uzuri wake ulikuwa hapo hapo kwenye weusi. Wanaopenda sarafu wamenielewa. Nyinyi wengine vumilieni kidogo, tutafika.

Upande mmoja ilikuwa na korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, na shingoni mwake palipita mstari mwembamba kama uzi. Asili ya mstari ule niliwaeleza watu kwa namna nyingi, kutegemea na hali ya hewa. Siku za mvua nilisema fundi mchongaji aligombana na mkewe, akamvisha korongo mkufu ili nchi nzima ishuhudie akiomba radhi. Siku za jua nilisema korongo mwenyewe alipita dirishani, akatua chini ya mashine ya kugongea sarafu wakati mbaya, na kamba ya kumfukuzia ikiwa bado shingoni. Kinyozi wangu anaamini habari ya kamba mpaka leo, na sina moyo wa kumsahihisha.

Wananiita Chumvi. Sijui kwa nini.

Mambo ya sarafu sikufundishwa na mtu. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa mizani, nikizunguka duka hadi duka, na chini ya sahani ya mizani hukosi kakitu kalikoteleza. Mwenye duka akiona ni sarafu ya zamani isiyonunua hata kiberiti, ananiambia, "Fundi, chukua ukachezee." Nami nikachezea mpaka mvi zikanikuta.

Mke wangu hakuwahi kunikataza, lakini pia hakuwahi kuniuliza. Kwake vyote vile vilikuwa "vyuma vyako." Baba Watoto, toa vyuma vyako mezani nataka kupakua. Baba Watoto, vyuma vyako vimeingia kwenye kabati langu la mashuka. Nikimsimulia habari ya korongo, alikuwa anaendelea kuchambua mchele huku akisema "enhee," na "enhee" ya mke wangu unaweza kuiwekea kikombe cha chai juu yake, ilivyo tambarare.

Basi chama chetu cha wakusanya sarafu kikaandaa maonyesho, kwenye kile chumba tunachokodi juu ya duka la dawa. Kila mwanachama alete sarafu moja, Mzee Lenzi azipange madaraja. Mzee Lenzi ndiye mpimaji wetu. Anaitwa hivyo kwa sababu ya kioo cha kukuzia anachokivaa shingoni hata akienda msalani. Ana adabu, ana huruma, ila ana kasoro moja kubwa: hasemi uongo kuhusu sarafu. Tumejaribu kumtibu, imeshindikana.

Siku moja kabla ya maonyesho nikaenda kunyolewa. Niliporudi nikamkuta mke wangu amekaa mezani, mikono nyuma, anatabasamu kama msichana aliyeficha pipi.

"Fumba macho," akasema.

"Mke wangu, umri huu nikifumba macho nalala."

"Fumba, bwana!"

Nikafumba. Akaniwekea kitu kiganjani. Nikafumbua.

Korongo alikuwa anang'aa. Aling'aa kama kijiko kipya, kama kichwa changu pale kinyozi alipomaliza. Weusi wote umekwenda. Mezani kulikuwa na ndimu zilizokamuliwa, dawa ya meno na mswaki wangu wa zamani.

"Nikasema mume wangu hawezi kwenda mbele za watu na chuma kichafu vile," akasema. "Nimesugua tangu ulipotoka. Lakini kale kauzi ka shingoni kamenishinda, Baba Watoto. Nimekasugua na kucha, nimekasugua na mswaki, kamegoma."

Sasa niwaambie nilichokiona. Sarafu ya zamani ikioshwa imekwisha. Ule weusi ni ngozi yake; ukiuondoa, unaondoka na mng'ao wa kiwandani uliokuwa chini. Mpimaji akiishika anasema neno moja, "imesafishwa," na hapo hakuna daraja tena, hakuna mnunuzi, hakuna anayekuuliza ya ziada. Ni kama mgombea aliyekosa kura ya mkewe mwenyewe.

Lakini niliona na kitu kingine. Niliona vidole vya mke wangu vimekunjamana kwa maji na ndimu. Tangu tuoane, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kugusa chuma changu kwa hiari yake.

"Inang'aa," nikasema.

"Si ndiyo! Na kesho nakwenda na wewe nikaone sura zao."

Usiku ule korongo alilala vizuri kuliko mimi.

Kesho yake nilimtangulia mke wangu ngazini, nikamvuta Mzee Lenzi pembeni, karibu na boksi za dawa.

"Mzee mwenzangu, kuna jambo. Mke wangu ameosha korongo."

Akashika kifua. "Yule mwenye mkufu?"

"Yule. Na yuko hapo chini anapanda, amevaa gauni la sherehe. Usimwambie."

"Chumvi, unanijua. Kwenye sarafu sidanganyi."

"Sijakuomba udanganye. Nakuomba ukohoe. Ukifika kwenye korongo, kohoa mpaka tupite."

"Sina kikohozi."

"Tuko juu ya duka la dawa, mtu hawezi kukosa ugonjwa hapa!"

Lakini mke wangu alikwisha fika, anahema, anasalimia kila mtu kana kwamba ni harusi ya mwanawe. Ikabidi tuingie.

Mzee Lenzi alipima sarafu za wengine kwanza, akaja meza yetu. Akamshika korongo kwa ukingo, vidole viwili tu, kama inavyotakiwa. Akamwinamisha kwenye taa. Akamgeuza. Chumba kizima kilisogea karibu, maana wote walimfahamu korongo wangu akiwa mweusi, na sasa alikuwa anatupa mwanga mpaka darini.

Mke wangu akanishika mkono.

"Mama," Mzee Lenzi akasema taratibu, "nimeshika sarafu maisha yangu yote. Sijawahi kuona iliyosafishwa kwa bidii namna hii."

Kila neno kweli tupu. Nilitamani nimbusu upara.

"Umeuona na mgongo wake?" mke wangu akadakia. "Mgongo ndio ulionitoa jasho!"

"Nimeuona, mama. Kila mahali umefika."

"Na daraja lake?"

Mzee Lenzi akaniangalia. "Daraja atakwambia mzee wako. Yeye ndiye mwenye maneno."

Nikadhani tumevuka. Kumbe mke wangu ndiyo kwanza amenogewa. Akatazama meza za wenzetu, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Jamani, mbona zenu mmeziacha hivi? Hamna wake? Leteni, nitawasugulia zote. Ndimu ninazo za kutosha."

Sijawahi kusikia vifuniko vikifungwa kwa kasi vile. Pa, pa, pa, kama milango kwenye upepo. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkunga mstaafu ambaye hatetemeki mbele ya chochote, alilikumbatia sanduku lake kifuani kama amelizalisha yeye.

"Mwakani, dada," akasema. "Mwakani."

Njiani mke wangu alitembea haraka, anaimba chini kwa chini. Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Akajaza maji kwenye karai, akapanga ndimu, akakunja mikono ya gauni lile lile la sherehe.

"Haya, Baba Watoto. Lete sanduku zima."

Sanduku lenyewe lilikuwa chini ya kitanda. Nikaenda, nikapiga magoti, nikakaa nalo sakafuni. Kama ningelipeleka, maisha yangu yote ya kuzunguka na mizani yangeishia kwenye karai. Kama ningekataa bila sababu, zingerudi zile "enhee." Uongo mzuri ulinijia, tena wa aina tatu kwa mpigo, na mmoja ulikuwa na chui ndani yake. Nikauacha wote. Nikarudi mezani na sanduku.

"Mke wangu, sarafu za zamani haziosheki. Ukiziosha zinaharibika thamani."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Chumvi wewe! Chafu ndiyo ghali, safi ndiyo bure? Basi na mimi sufuria zangu niziache na masizi, zipande bei!"

"Nasema kweli."

"Enhee."

Hapo ndipo nilipoona matunda ya kazi yangu. Mtu niliyemsimulia korongo aliyeingia kiwandani, leo ndiyo aniamini?

Nikamwambia, "Basi usiniamini mimi. Njoo uangalie." Nikawasha taa, nikampa kioo cha kukuzia, nikatoa sarafu ndogo ambayo hakuigusa. "Sarafu inazaliwa kwa pigo moja. Kipande kitupu kinakaa katikati ya mihuri miwili ya chuma, mashine inashuka, basi. Madini yakibanwa hivyo yanatiririka kidogo kwenda ukingoni. Igeuze polepole. Unaona mwanga?"

"Unazunguka," akasema. "Kama spoki za baiskeli."

"Ndiyo huo. Mashine inautoa siku ile moja tu. Sasa mwangalie korongo."

Akamgeuza. Mwanga haukuzunguka. Ulikaa pale pale kama sahani, na ndani yake mikwaruzo midogo isiyo na idadi.

Akaweka kioo chini.

"Nimemharibu."

"Ndiyo."

"Na pale wote walijua?"

"Wote."

"Ndiyo maana yule mkunga…" Akaziba mdomo. Sikujua analia au anacheka. Nadhani yeye pia hakujua, maana machozi yalimtoka na mabega yakawa yanaruka. "Alilikumbatia kama mtoto!"

"Amelifunga na kufuli lingine. Nimemwona."

"Na ule mstari? Kwa nini haukutoka?"

"Muhuri ulipata ufa, madini yakaingia kwenye ufa. Wakabadilisha muhuri, lakini chache zilikwisha toka."

"Ungeniambia hivyo tangu zamani nisingeusugua! Nilijua ni unywele, na wewe unaniletea habari za mikufu."

Nikachukua kioo, nikamwangalia korongo tena, na safari hii nikaona kitu.

"Hebu tazama mikwaruzo yako," nikasema. "Inazunguka mviringo. Mtu wa mkono wa kulia angezungusha hivi. Hii inakwenda kinyume."

Akainama karibu, shavu lake likagusa langu. Mke wangu anatumia kushoto. Mama yake alimpiga sana utotoni kwa hilo, na halikumtoka.

"Huo ni mkono wangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Makorongo wenye ufa wako wengine duniani, nimewaona kwenye picha. Wa hivi ni mmoja."

"Hayo sasa ni maneno ya Chumvi."

"Muulize Mzee Lenzi."

Akamwaga maji ya karai nje, mwenyewe. Kisha akarudi, akavuta kiti, akafungua sanduku, akatoa sarafu moja kwa ukingo, vidole viwili, kama alivyomwona Mzee Lenzi akifanya. Akaiweka chini ya taa. Nikamweka korongo kwenye tundu la kwanza la sanduku, ambalo miaka yote nilikuwa naliacha wazi nikisubiri kitu cha kustahili.

Mvua ikaanza kugonga bati. Akaegemea bega langu.

"Baba Watoto."

"Naam."

"Ile ya mchongaji na mkewe. Hebu nisimulie tena. Nilikuwa sisikilizi."