Kilomita Ishirini na Tano na Mume Wangu

Mume wangu alihamia kwa mwanamke mwingine Jumatatu. Jumamosi tukapanda mlima pamoja. Dada yangu alisema nimepagawa. Lakini njia ile ndefu tulikuwa tukiitembea kipande kimoja kila mwaka tangu tuoane, na kilibaki kimoja tu: kilomita ishirini na tano, kigumu kuliko vyote. Yeye si mtu wa kuacha kazi njiani. Mke, ndiyo. Nami nilijua nitakuwa naye kutwa nzima, na nilitaka arudi nyumbani.

Njia haikurudishi ulikoanzia, kwa hiyo tulifanya kama kawaida yetu. Gari langu tuliliacha mwisho wa safari tangu jana yake, na asubuhi tukaja na lake hadi mwanzo.

Mlima haukutubembeleza. Mawe yaliporomoka chini ya viatu, na penye jabali tulipanda kwa kushika minyororo. Maneno niliyoyapanga wiki nzima kwenye cherehani yangu yaliishia kooni kwa kukosa pumzi. Nilitembea nyuma yake, nikaona mkanda wa begi lake umeshonwa upya. Mimi ni fundi nguo, mshono wangu naujua hata nikifumba macho. Ule haukuwa wangu, na ulikuwa mzuri. Nilitamani angalau uwe wa ovyo.

"Bi Fundi, uko hai?" aliuliza kileleni. Ndivyo alivyozoea kunitania.

"Nipo nipo tu."

"Kunywa maji basi. Usije ukanizimikia huku."

Akaniwekea mkono begani. Nilikaribia kusema, lakini akatazama saa, tukaanza kuteremka.

Saa nne za kuteremka zilinimaliza magoti. Tulipofika kwenye gari langu, nilipekua mifuko yote. Ufunguo nilikuwa nimeusahau ndani ya gari lake, upande wa pili wa mlima.

"Bi Fundi, usiniambie!"

"Ndiyo hivyo."

Sikuusahau makusudi. Ningekuwa na ujanja huo ningeutumia zamani. Alianza kucheka, nami nikacheka, mpaka tukakaa chini kwenye changarawe. Basi la kuturudisha kwenye gari lake lilikuwa bado saa tatu nzima lifike, na moyo wangu ukafurahi kama mjinga. Pumzi ilikuwa imerudi. Nikamwambia yote: kwamba nampenda, kwamba nyumba ile siiwezi peke yangu.

"Rudi nyumbani," nilisema. "Yaliyopita sitayauliza."

Alisikiliza ameinama. Kisha akatoa simu, akasogea kando. "Tumekwama," nilimsikia akisema. "Njoo tu."

Dakika kumi hazikuisha, gari likaingia. Akashuka yeye mwenyewe, yule mwanamke, na chupa ya chai na vikombe vitatu.

"Pole na safari, dada."

"Umefikaje haraka hivi?"

Alimtazama mume wangu kwanza. "Nipo hapo barabarani tangu saa nane. Alisema mkimaliza tu, atataka kuondoka."

Nililia mbele yao bila kujificha, kikombe cha chai mkononi. Mwishowe yule mwanamke akanifungulia mlango wa nyuma wa gari lake. Kiti chote kilikuwa na mashati ya mume wangu, yamepigwa pasi na kukunjwa. Nikayasogeza polepole yasivurugike, nikakaa.