Ng'ombe wa Himid

Siku niliyomfunga ng'ombe wa Himid uani kwangu ndiyo siku niliyomwacha mke wangu, na wala sikuwa na habari. Nilikuwa nimeinama napiga kigingi, nimeroa jasho, nacheka peke yangu kwa furaha. Nilipoinua kichwa nikamwona Zuweina kasimama mlangoni, kavaa buibui, mkononi ana furushi la nguo. Nikadhani anakwenda kumtazama mamake.

Lakini nimeruka mbele. Ndivyo nilivyo, ulimi wangu haungoji zamu, na kisa chote hiki kimetokana na ulimi huo huo. Nivumilieni nirudi mwanzo.

Mimi ni Khatib, mtu wa Ole, Pemba. Nina mikarafuu kidogo, konde la muhogo nyuma ya nyumba, mke mmoja, watoto watatu, na ugonjwa mmoja: mchezo wa ng'ombe. Kila kiangazi tunawatoa ng'ombe dume uwanjani, kamba ndefu shingoni, zumari linalia, wanawake wamekaa upande wao wanaimba, na mwanamme anaingia na kitambaa kumchezea ng'ombe mpaka mmoja wao achoke. Ng'ombe hatumuui. Akimaliza anavishwa kanga na kurudishwa kwao kula majani. Ng'ombe wa namna hiyo halimi wala havuti gari. Mwaka mzima anakula tu, ili acheze siku mbili tatu.

Ujanani nilikuwa mchezaji, watu wakinijua. Goti lilipoanza kuniuma nikabaki mtazamaji, na mtazamaji roho yake haitulii. Nikataka na mimi niwe na ng'ombe wangu, aitwe kwa jina uwanjani, na watu waulize wa nani huyu waambiwe wa Khatib. Ng'ombe mwenyewe nilikuwa nishamwona, yuko kwa Himid, ng'ambo ya bonde. Alikuwa mweusi, paji jeupe, akitazama mtu hapepesi. Jina lake Mtanikoma. Bei aliyoitaja Himid ilikuwa karibu ya mavuno yangu yote ya karafuu, na karafuu mwaka huo zilizaa hasa.

Sasa, karafuu zile Zuweina kazichuma, kazichambua na kazianika pamoja nami, na mimi si mtu wa kutumia jasho la mke wangu kwa kificho. Ilibidi akubali. Basi Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha tu, nikaanza kumbembeleza.

Nilileta halua kutoka Wete. Nilileta doti mbili za kanga. Niliteka maji mwenyewe, majirani wakanicheka. Nilimuahidi kuezeka jiko kwa bati kabla sijashika kamba ya ng'ombe yeyote, na bati nikalinunua na jiko nikaliezeka. Zuweina akalitazama bati, akasema Mungu anibariki, kisha akanijibu jambo ambalo sikulitarajia.

"Baba Saada, ng'ombe sikukatazi. Nunua umtakaye. Usimnunue kwa Himid tu."

"Kwani Himid kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Basi ni chama," nikasema. "Sema kweli, ni kile chama chao."

Akanyamaza, nami nikalichukua lile la kunyamaza kuwa ndiyo. Msiokuwepo miaka ile hamjui. Tulipopiga kura ya mwanzo ya vyama vingi, mwaka wa tisini na tano, Pemba hii iligawika mpaka jikoni. Mtu haendi dukani kwa mtu wa chama cha pili, hapandi gari lake, hamziki maiti wake. Himid na baba yake walikuwa chama chao, sisi chama chetu, na bonde lile jembamba la mpunga likawa halivukwi. Lakini mwaka huo wa elfu mbili na kumi viongozi walikuwa wameshapatana, tumepiga kura ya kukubali maridhiano, na mimi ni miongoni mwa wa mwanzo waliovuka bonde kwenda kumpa Himid mkono. Basi nikamgeukia mke wangu nikamsomesha. Nikamwambia ana kinyongo. Nikamwambia wakubwa wameshasameheana, yeye nani asisamehe? Nikamwambia hata Mtume amehimiza kusuluhishana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua ungo wake akaenda kupepeta mchele.

Sikuchoka. Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, kila siku neno lilikuwa lile lile. Mpaka alasiri moja nikapata hoja niliyoiona mbichi kabisa.

"Zuweina," nikasema, "huyu Mtanikoma unajua ni mjukuu wa nani? Wa yule ng'ombe wa baba yake Himid! Yule aliyecheza kiangazi kile baada ya uchaguzi wa mwanzo. Nawe ulikuwepo, ulikaa na wanawake, Saada yumo tumboni."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Nilikuwepo."

"Unakumbuka alivyoruka?"

"Nakumbuka siku yote ile," akasema. Akanitazama usoni. "Na weye? Unakumbuka nini?"

"Mie nakumbuka kila kitu! Alivyomtoa mchezaji wa Chwale mbio mpaka kwenye mgomba! Alivyokata kamba! Sisi wa chama chetu tulimpa mgongo, tusimtazame, lakini mie nilichungulia, Zuweina. Sikuweza kujizuia."

"Na kisha?"

"Kisha nini? Kisha tukaenda zetu nyumbani."

Nilijiona nimeshinda, maana macho yake yalikuwa yamelowa, nikadhani ni kumbukumbu za ujana.

"Mlete," akasema.

"Nini?"

"Huyo ng'ombe. Mlete, Baba Saada. Mie nimechoka."

Nilimbusu kichwa hapo hapo, mbele ya watoto. Siku ya pili nikavuka bonde na pesa zangu. Himid akazipokea, lakini kabla hajanipa kamba akanishika bega.

"Khatib, ushauliza lakini?"

"Nishauliza," nikamjibu. "Keshakubali mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaonekana ametua mzigo.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwa nimeinama uani, nyundo mkononi, na Zuweina mlangoni na furushi lake.

"Wendapi?" nikamuuliza.

"Kwa kaka yangu, kwa Badar. Kukaa eda."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. "Eda ya nini? Nimekufa?"

"Umeniacha," akasema, wala hakupandisha sauti. "Kiangazi kile, uwanjani, Bakar, mwenzio wa chama, alikutania kuwa ukipewa ng'ombe wa watu wale utamkumbatia hadi nyumbani, chama baadaye. Weye ukaona haya mbele ya wenzio. Ukasimama juu ya jiwe. Ukasema, 'Nikimfunga ng'ombe wa watu wale uani kwangu, mke wangu Zuweina ana talaka yake.' Zumari lilikuwa limenyamaza, Baba Saada. Kila mtu alisikia. Wanawake wote walinigeukia mie."

Nyundo ilinitoka mkononi. Sijui kama nilikaa au nilisimama. Ninachojua ni kwamba maneno yale, alipoyasema, niliyatambua. Yalikuwa sauti yangu. Niliona lile jiwe, nikamwona Bakar anavyocheka, nikajiona na kidole changu juu. Yote yalirudi kwa pigo moja. Miaka kumi na mitano jambo lile lilikuwepo, na mimi nikimkumbuka ng'ombe!

"Kwa nini hukuniambia?" nikapiga kelele. "Miezi mitatu, Zuweina! Neno moja tu!"

"Nilikukataza miezi mitatu. Zaidi ya hapo ningekuwa nakuomba usiniache. Nilikuwa nangoja ukumbuke mwenyewe."

Akapita ubavuni kwangu, akapita ubavuni kwa ng'ombe, akaenda.

Nilikwenda kwa Shehe Mbarouk mbio, goti na yote. Nilimkuta barazani kwake na msahafu. Hata kabla sijamaliza kueleza akainua mkono. "Najua kiapo chako. Mie uwanjani siyendi, lakini siku ile ile niliambiwa na watu watano. Nilipoona sasa unavuka bonde kila siku nikasema, bila shaka keshauliza kwa shehe mwengine."

Ndipo nikafahamu Himid alikuwa akiniuliza nini. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kila mmoja alidhani nimeshapata fatwa, na kila mmoja aliona aibu kumuuliza mtu mambo ya ndani mwake.

Shehe akafunika msahafu wake, akauliza swali ambalo hadi leo nalisikia. "Ulipokuwa ukimfunga, ulikikumbuka kiapo?"

"Sikukikumbuka, Shehe."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ikiwa ulisahau kikweli, kwa kauli ninayoifuata mie, talaka haikuanguka. Lakini utakuja kuapa mbele yake na mbele ya nduguye. Na jua kuwa kiapo bado kipo. Ukimfunga tena kwa mkono wako, sasa hutosema umesahau."

Wengine wangeruka kwa furaha. Mimi nilirudi nyumbani miguu mizito. Ili nibaki na mke wangu ilinibidi nisimame mbele yake niape kwa Mungu kwamba siku niliyomtundika mbele za watu, yeye na mimba yake, kwangu haikuwa kitu hata cha kukumbukwa. Na ilikuwa kweli. Laiti ingekuwa uongo, haya yangu ingepungua.

Tulikutana kwa Shehe siku ya pili, baada ya adhuhuri. Badar alikaa pembeni, mtu mkimya, hakunitazama. Zuweina alikuwa kajifunika mpaka usoni. Niliapa. Sauti ilikatika nikaapa tena, maana Shehe alitaka kila neno lisikike. Wallahi nilisahau. Billahi nilisahau.

"Bi Zuweina," Shehe akasema, "wewe ni mke wake halali. Ndoa yenu haikuguswa."

"Nimesikia, Shehe," akajibu. "Ahsante."

Tulirudi kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, furushi nimelibeba mimi. Tulipofika kwenye mikarafuu akasimama bila kugeuka.

"Unajua mie nimeishi vipi?" akasema. "Kila ukirudi na kamba mkononi, nilitazama kwanza kilichofungwa upande wa pili. Mbuzi, nikashukuru. Ndama, nikauliza wa nani. Miaka kumi na mitano. Na weye ulisahau lini?"

Nilitafuta jibu. Kweli nililitafuta. Usiku ule wa uwanjani nilikula pweza wa nazi nikalala, na nafikiri kabla ya alfajiri nilikuwa nimeshasahau.

"Sijui," nikasema.

"Afadhali ungelikumbuka ukaniacha."

Mimi Khatib, niliyembembeleza miezi mitatu kwa ajili ya mnyama, nikamwambia kesho namrudisha ng'ombe kwa Himid, hata akininyima pesa zangu.

"Hatorudi," akasema. "Keshakuwa wetu. Mie n'tamfunga."

Na akamfunga. Kila jioni, akishamaliza jikoni, Zuweina anatoka, anamshika Mtanikoma, anamfunga kwenye kigingi, anarudi ndani. Hakuwaruhusu watoto. Hakunisemesha ila kwa salamu na mambo ya lazima. Asubuhi alijimiminia chai kikombe kimoja akanywa, birika akaliacha, nikajimiminia mwenyewe. Kiangazi kilipofika sikumpeleka ng'ombe uwanjani. Zumari nililisikia kutoka nyumbani, nikachambua kunde.

Na kila jioni nilikaa kizingitini nikingoja nione kama leo atatoka. Maana siku asiyotoka, nilijua, ndiyo siku atakapokuwa amechoka nami. Hofu ile sikuwahi kuijua, na kila nikiihisi nilikumbuka kuwa mwenzangu kaishi nayo miaka kumi na mitano.

Baada ya mwezi na siku, jioni moja alitoka, akamshika ng'ombe, akasimama. Akanijia. Akaninyooshea kamba.

"Leo mie nimechoka," akasema. "Mfunge weye."

Niliitazama kamba, nikamtazama yeye. Usoni pake hapakuwa na mzaha wala hasira. Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikafungamanisha vidole.

"Simfungi."

"Atakula muhogo."

"Na aule."

"Konde zima, Baba Saada. Ndicho chakula chetu."

"Na aule wote, Zuweina. Simfungi."

Aliiachia kamba ikaanguka chini. Mtanikoma akasimama kidogo, akatutazama bila kupepesa, kisha akajikokota na kamba yake kuelekea kondeni. Tulimsikia akivunja mashina mpaka Isha. Hakuna kati yetu aliyemfuata.

Asubuhi nilitoka nikaona. Palikuwa hapana jani lililosimama, mashina yamelala, na ng'ombe kalala katikati yake tumbo limevimba, anatafuna. Nilisikia Zuweina anatoka nyuma yangu. Alilitazama konde lote, kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Kisha akaingia jikoni, chini ya lile bati, na nikasikia vikombe viwili vikigongana.