Hodi ya Tatu

Kwenye kiwanda chetu cha mbao, gogo haliendi kwenye msumeno mpaka limebishiwa hodi. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani ni uganga. Si uganga, ni kelele. Injini ya dizeli ikishanguruma, hata mtu akikutukana mbele ya uso wako utamwitikia kwa tabasamu. Kwa hiyo mume wangu, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mimi, aliweka utaratibu wake. Mkaguzi hulizunguka gogo, huligeuza kwa mtalimbo, hulitazama mpaka tumboni akitafuta chuma: msumari, ndoano, waya wa uzio, upuuzi wowote ambao watu huupigilia kwenye mti ungali hai na mti ukaumeza. Akiridhika, huligonga mara mbili kwa kisogo cha shoka. Koo, koo. Mlio hupita kwenye gogo, ukaingia kwenye toroli la chuma linalolibeba, ukatambaa kwenye reli mpaka kwenye fremu ya msumeno, na aliyeshika wenzo wa kuendeshea msumeno huusikia kwa nyayo. Hodi mbili maana yake safi, kata. Hodi moja peke yake maana yake simama. Hiyo moja anaruhusiwa kuipiga yeyote, kwa chochote alichoshika, popote alipo, na hakuna wa kumgombeza.

Sheria nzuri. Fundi alikufa akiifuata.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, alipigiwa hodi mbili kwa gogo lililokuwa na ndoano ndani. Msumeno uliipata, jino likang'oka, likampata shingoni. Aliyepiga hodi ni mdogo wake, shemeji yangu. Alikula kiapo mbele ya jeneza kwamba aliligeuza gogo lile lote na hakuona kitu, na watu wakamwamini, maana mti ukishakaa na chuma miaka mingi gome hufunga kabisa usijue. Nami nilimwambia namwamini. Kiwanda kilihitaji watu wawili wanaoujua msumeno, na tuliobaki tulikuwa wawili.

Basi nikashika wenzo. Mkono wa kulia kwenye wenzo, mkono wa kushoto spana ya Fundi, ile kubwa ya kukazia nati ya msumeno. Tangu mazishi sikuiachia. Wambeya walisema nalala nayo, na kwa mara moja katika maisha yao walisema kweli.

Ndipo ilipoanza hodi ya tatu.

Shemeji alikuwa anapiga zake mbili, koo, koo. Mimi najiandaa kuusukuma wenzo ili mkanda ukaze na msumeno uanze kuzunguka. Halafu, baada ya kimya kidogo kama cha mtu anayevuta pumzi, inakuja nyingine. Koo. Moja, peke yake. Naisikia kwenye nyayo, inapanda kwenye magoti. Mwanzoni tulisimamisha kazi na kulikagua gogo upya, hakuna kitu. Tulikaza kila nati. Tulipaka grisi kila kilichoweza kupakwa. Hodi ikaendelea kuja, si kila siku, lakini kila tulipoanza kuisahau.

Wapakizi wakaondoka mmoja mmoja. Huyu mgongo unamuuma, yule kafiwa na shangazi ambaye nadhani mpaka leo ni mzima. Akabaki mmoja tu, tuliyemwita Kimya kwa sababu mdomo wake hauna breki.

Mimi niliogopa, lakini niseme wazi, pia nilifurahi. Usiku nyumba ilikuwa tupu, kitanda kipana, viatu vyake mlangoni havina mtu. Kiwandani alikuwepo. Kwenye fremu, karibu na mahali pa kusimama mwenye wenzo, rangi ya kijani ilikuwa imebanduka, pamebaki doa dogo linalong'aa kama mgongo wa kijiko. Nilijiambia ni yeye, ni miaka yake yote ya kuegemea pale. Kila asubuhi nililifuta doa lile kwa kitambaa kabla sijawasha injini.

Shemeji yeye alikonda. Mashati yalianza kumvaa badala ya yeye kuyavaa. Asubuhi ninayoisimulia alikuja na begi, akaliweka kando ya mlango wa bati.

"Shemeji," alisema, "nimepata kazi kwenye barabara. Kushika kibendera."

"Kushika kibendera? Wewe?"

"Hakuna magogo huko."

Nikamwangalia. Bila yeye hakuna kiwanda. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kusimama upande ule wa msumeno, na mimi peke yangu ningebaki kuuza injini kwa wauza vyuma chakavu, na jasho lote la Fundi liende kupimwa kwenye mizani pamoja na masufuria mabovu.

"Tukate hili la shule kwanza," nikamwambia. "Mwalimu mkuu anakuja leo."

"Nitakata hili. Likipita salama, nitafikiria. Kile kitu kikipiga tena, mimi naondoka, shemeji. Usinishike."

Gogo la shule lilikuwa limelala kwenye toroli, nene kiasi kwamba Kimya, ambaye si mfupi, akisimama nyuma yake ulimwona kofia tu. Ulikuwa mti wa kivuli katikati ya uwanja, dhoruba ikauangusha, na sasa watoto walitakiwa kuukalia ukiwa madawati. Mti wa shule ndio mbaya kuliko yote. Ulitundikiwa kengele, ukapigiliwa matangazo, ukafungiwa kamba za nguo za walimu. Shemeji alitumia muda mrefu. Alibandua gome, akapapasa kwa viganja, akaligeuza kwa mtalimbo huku Kimya akisukuma na kulalamika. Alipata misumari miwili yenye kutu, akaing'oa. Mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye mwavuli, alikaa juu ya rundo la mabanzi na kutazama.

Nikawasha injini. Fremu ikaanza kutetemeka. Shemeji akainua shoka, akaniangalia, akapiga. Koo, koo.

Nikasubiri. Nilikuwa namwomba Fundi kimoyomoyo, leo tulia, mume wangu, leo tu.

Koo.

Kimya alitupa mtalimbo. Shemeji akalizunguka gogo tena, akalala kifudifudi kwenye vumbi la mbao kulitazama tumbo lake, akainuka akiwa mweupe kama aliyemwagiwa unga. Akapiga tena mbili, kwa nguvu, kwa hasira.

Pumzi moja. Koo.

"Mama, mimi na wewe tumefika mwisho," Kimya akapaza sauti juu ya mngurumo. "Mshahara wangu mpe huyo anayebisha hodi!" Akatoka mbio, akarudi kuchukua kandambili yake moja, akatoka tena.

Mwalimu mkuu alinijia sikioni akauliza kama hiyo ni kawaida. Nilimjibu kwamba mashine ina gesi tumboni. Hakucheka, na mimi sikucheka. Shemeji alikuwa anaelekea kwenye begi lake.

Ndipo hasira ikanipanda. Sikumkasirikia yeye, bado. Nilimkasirikia marehemu. Mtu gani anakufa halafu anamaliza na kiwanda? Nikapiga kelele, "Ngoja! Njoo ushike wenzo. Nitabisha mimi!"

"Shemeji, acha."

"Njoo ushike wenzo, nimesema!"

Akaja. Mahali pale hakuwahi kupakanyaga tangu siku ile, na alipaingia kama anavyoingia mtu kwenye maji asiyoyajua kina. Nikaiweka spana juu ya tangi la dizeli, maana shoka lile linataka mikono miwili. Nikalizunguka gogo, nikaligusa kila mahali. Nikainua shoka.

Koo, koo.

Tulisubiri. Injini ikanguruma. Nilihesabu pumzi zangu mpaka nikapoteza hesabu. Hakuna kitu. Nikabisha tena. Hakuna. Mara ya tatu, hakuna, chuma kimetulia tuli chini ya miguu.

Wote wawili tulielewa kwa pamoja, niliona usoni mwake. Hodi haikulikataa gogo. Ilimkataa yeye.

Alinyoosha mkono akazima injini. Ukimya ulipoingia masikio yangu yalivuma. Alikaa chini pale pale, mgongo kwenye fremu, mikono katikati ya magoti.

"Sikuligeuza," alisema.

Nikaliegemeza shoka kwenye gogo.

"Mvua ilikuwa inakuja. Kaka alinipigia kelele niharakishe. Nililizunguka upande wa juu tu. Tumboni sikuangalia, shemeji. Nikapiga mbili kwa mazoea, mkono ukapiga wenyewe." Alianza kulia, kilio kibaya cha mwanaume asiyejua kulia. "Sasa ananikatalia. Ana haki. Kila nikibisha, ananiambia simama, muongo."

Mwalimu mkuu aliuchukua mwavuli wake, akatoka nje kwa adabu, akasimama juani.

Mimi sikushangaa, na hilo ndilo lililonishangaza. Siku ile ya mvua, baada ya kumbeba Fundi, nilirudi kiwandani peke yangu. Mtalimbo ulikuwa umeegemea ukuta mahali pake, mkavu, msafi. Gogo lilikuwa limeletwa kutoka matopeni, na sehemu ya tumbo iliyokuwa bado haijakatwa ilikuwa na tope lote, halijaguswa. Niliona. Nikaenda nyumbani kupokea wageni wa msiba, nikamwambia shemeji yangu namwamini, nikampakulia chakula.

Nilitaka kumpiga pale alipokaa. Nilitaka pia kumfuta machozi, kwa sababu anapolia ana pua ya kaka yake. Sikufanya lolote kati ya hayo.

"Inuka," nilimwambia. "Hili umeligeuza. Nimekuona kwa macho yangu. Nenda ubishe, naye akusikie ukibisha kwa haki."

Akajifuta kwa mkono wa shati. Akachukua mtalimbo, akaligeuza gogo mara nyingine, peke yake, akihema, ingawa hakuna aliyemtuma. Nikawasha injini, nikashika wenzo kwa mkono wa kulia. Nikaichukua spana juu ya tangi.

Akapiga. Koo, koo.

Safari hii hakuliangalia gogo, wala hakuinama kutazama reli. Alikuwa amechoka kuogopa, nadhani, akawa anamwangalia mtu pekee aliyekuwepo. Alikuwa ananiangalia mimi.

Koo.

Midomo yake ilisogea. Sikusikia, lakini niliyasoma maneno. "Shemeji. Ni wewe."

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshuka. Kichwa cha spana kilikuwa kimekaa juu ya fremu, katikati kabisa ya lile doa linalong'aa, kilivyotoshea pale ungedhani kimetengenezewa. Pembeni ya doa kulikuwa na vigamba vipya vya rangi ya kijani, na vingine vilikuwa kwenye kidole changu cha mwisho. Nilikuwa navinawa kila jioni kwa sabuni bila kujiuliza vimetoka wapi.

Naapa sikujua. Kama kuna asiyeniamini, shauri yake. Mdomo wangu ulishamsamehe shemeji mbele za watu, mkono haukuwa na habari hiyo.

Nikashikilia wenzo nisianguke. Nilidhani atacheka, au atanitukana, au atachukua begi lake aende kwenye vibendera vyake, na ningemwelewa. Alibaki amesimama na shoka lake, akisubiri, kama anavyosubiri mkaguzi yeyote aliyeambiwa simama na mwenye wenzo.

Nikaiweka spana chini. Sikuiweka kwenye tangi, niliirusha mbali, kwenye rundo la vumbi la mbao, ikazama. Nikainua mkono wa kushoto juu, vidole vyote wazi, auone. Akaitikia kwa kichwa. Akalizunguka gogo mara ya mwisho. Akainua shoka.

Koo, koo.

Tukasubiri.

Nilisikiliza kwa nyayo, kwa magoti, kwa tumbo. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nilikuwa nasubiri ile moja. Mwaka mzima nilidhani naiogopa, na pale nikajikuta naiomba. Njoo basi, Fundi. Piga mara moja tu, nijue si mimi. Piga, nami nitazima mashine, tuuze vyuma, twende zetu.

Injini ilinguruma. Reli zilitulia. Hakukuwa na mtu.

Nikausukuma wenzo. Mkanda ukakaza, msumeno ukaanza kuimba, shemeji akaweka bega kwenye toroli na gogo likaja. Meno yaliingia laini, vumbi likaruka jekundu na lenye harufu tamu, na ubao wa kwanza ukaanguka mikononi mwake ukiwa safi mwanzo hadi mwisho. Aliuinua nione.

Nilimwonyesha ishara ya kuendelea, huku machozi yakinitiririka mpaka kidevuni na vumbi likinigandia usoni. Kaburini sikulia hivyo. Ule ulikuwa msiba wa watu wote, wenye wageni na sufuria. Huu ulikuwa wangu, na mume wangu alikufa siku hiyo, mchana, gogo la shule likiwa nusu.