Hondohondo wa Nyuma ya Kibanda

Kipanga alimnyakua hondohondo dume asubuhi, Nasike akiwa anakanda unga wa mandazi. Alitoka nyuma ya kibanda chake cha chai pale Kakuma, akakuta manyoya yametawanyika chini ya mgunga, na panzi mmoja bado anarusha miguu.

Dume alikuwa akimletea jike panzi huyo. Jike alikuwa amejiziba kwa tope ndani ya tundu la mti, nyoka wasimfikie na mayai yake, akabakiza upenyo mwembamba wa kupokelea chakula. Sasa mdomo wake mwekundu ulichungulia, ukangoja.

"Atakufa humo," Nasike akasema. "Nami sifiki pale juu."

"Mimi nafika, mama," akajibu Awan, fundi wa mawe kutoka Sudan Kusini, mteja ambaye kwa kawaida hasemi zaidi ya salamu. Akaweka kikombe chini, akambana panzi kwenye ncha ya kijiti kilichopasuliwa, akakinyoosha. Ndege akarudi ndani. Awan hakuondoa mkono. Mwishowe panzi akavutwa gizani.

Tangu hapo Nasike akawa anaokota panzi kando ya mto mkavu kabla ya kuwasha jiko, na Awan analisha akienda kazini na akirudi. Siafu walipoanza kupanda shina, Nasike alilizungushia jivu la moto.

Siku jike alipobomoa tope akatoka kuwatafutia watoto chakula, Awan alisimama juu ya stuli, akachungulia.

"Makinda wawili. Wamejaa utitiri, mpaka shingoni."

Nasike akaleta dawa ya kupe anayowapulizia mbuzi.

"Ngoja kwanza, mama. Hii inaua kupe. Itamwacha mtoto wa ndege?"

Nasike akampigia simu Asekon, mtoto wa kaka yake, daktari wa mifugo kule Lodwar.

"Shangazi, usipulizie," Asekon akasema. "Utitiri haukosi kwenye kiota. Wakishiba huenda wakauvumilia."

"Na wasipouvumilia?"

"Hapo hatuna la kufanya. Lakini dawa itawaua leo."

Wakaendelea na panzi, wakimsaidia mama wa makinda. Kinda mdogo hakuvumilia. Nasike alimkuta chini ya mti, utitiri ukimtembelea, akakaa kitako mchangani bila kujali wateja. Awan akamfukia kinda bila kuambiwa.

Yule mwingine akaota manyoya. Asubuhi moja alitoka, akatua juu ya bati la kibanda, akayumba, kisha akamfuata mama yake ng'ambo ya mto. Awan alichelewa kazini, na hakuonekana kujali.

Mvua zilipokuja tena, jike alirudi na dume mwingine. Wakakagua tundu lile lile.

"Utitiri bado umo," Awan akasema.

"Wameuona," Nasike akamjibu, akimmiminia chai. "Na tope wanaleta."